Uloto ukishaota, kazi ya kuisuluhisha kinga ndiyo kwanza inaanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niongezee makala mliyochapa kuhusu upandikizaji wa uloto, yaani ule uboho ulio ndani ya mifupa. Mwandishi wenu alieleza vizuri jinsi seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine, zinavyovunwa kwa mchangiaji na kuingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa. Kisha akahitimisha kwamba seli hizo zikishaota na kuanza kutengeneza damu, mgonjwa amepona. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na uloto wangu ndio unaofanya kazi leo ndani ya mifupa ya mdogo wangu. Sentensi ile sikuweza kuiacha ipite.

Seli zikiota, ndipo suala la kinga linapoanza. Mgonjwa hapokei damu peke yake. Anapokea pia kinga nzima iliyokulia katika mwili mwingine. Kinga hiyo ni kama mlinzi aliyehamishiwa nyumba asiyoijua, ambaye kila anayemkuta ndani anamdhania mwizi. Ikiwa kali mno, inamshambulia aliyeipokea. Ikipoozwa mno, virusi na fangasi wanapata mwanya, na saratani iliyomlaza mgonjwa inaweza kurudi. Uhai wake unategemea mizani hiyo kwa miezi na miaka, na wengi wanaomuuguza hawajawahi kuambiwa kwamba ipo.

Mdogo wangu aliugua lukemia kali ya mieloidi, aina ya saratani ya damu. Tulipimwa ndugu wote, maana katika watoto wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa kwa alama za HLA, zile protini za juu ya seli ambazo kinga huzitazama ili kujua kipi ni chake na kipi si chake. Mimi nililingana naye. Jamaa wakashangilia kana kwamba mambo yamekwisha. Daktari hakushangilia. Alituketisha, akatueleza kwamba HLA ndizo alama kubwa, lakini zipo ndogondogo nyingi ambazo vipimo vile havizigusi. Mdogo wangu ni mwanamume: seli zake zina kromosomu Y, na kromosomu hiyo hutengeneza protini ambazo mwilini mwangu hazipo. Mimi nimezaa watoto wa kiume, na wakati wa ujauzito baadhi ya seli za mtoto hupenya hadi kwenye damu ya mama, kinga ya mama ikajifunza kuzitambua protini hizo na kuzikumbuka. Kwa hiyo mwanamke aliyezaa akimchangia mwanamume, hatari ya seli zake kumgeukia mpokeaji huwa kubwa zaidi. Hilo halikutuzuia, kwani kupata ndugu aliyelingana ni neema. Lakini tuliingia tukijua, na namshukuru daktari yule hadi leo.

Kwa kuzingatia hatari hiyo waliamua kuchukua uloto wenyewe kutoka kwenye mfupa wa nyonga, nikiwa nimelazwa usingizi kwa dawa. Njia nyingine ni kumdunga mchangiaji dawa inayozisukuma seli shina zitoke mifupani ziingie kwenye damu, kisha kuzivuna kwa mashine kupitia mshipa. Hiyo ndiyo inayotumika zaidi siku hizi, na mchangiaji haendi chumba cha upasuaji. Lakini damu iliyovunwa hivyo huja na seli T zilizokomaa nyingi zaidi, na seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za kinga, ndizo zinazoanzisha vita. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu wachangiaji wasio ndugu, ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 ugonjwa sugu wa pandikizi, yaani kinga ya mchangiaji kumshambulia mpokeaji kwa muda mrefu, ulikuwa umewapata asilimia 53 ya waliopewa seli za kwenye damu na asilimia 41 ya waliopewa uloto, ilhali idadi ya waliobaki hai ilikaribiana. Nyonga iliniuma kwa muda, basi. Kila mchangiaji ana haki ya kuuliza kama watamchukua uloto au damu, na kwa nini. Swali hilo sijaliona gazetini hata mara moja.

Ugonjwa wenyewe kwa jina refu ni ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji. Mwaka 1966 mwanasayansi Rupert Billingham alitaja masharti matatu ya kutokea kwake: pandikizi liwe na seli za kinga zenye uwezo wa kupigana, mpokeaji awe na alama ambazo pandikizi halizijui, na mpokeaji awe hana nguvu ya kulikataa pandikizi hilo. Mdogo wangu aliyatimiza yote. Tena, dawa kali alizopewa kabla ya upandikizaji, ambazo kazi yake ni kuua saratani na kusafisha nafasi mifupani, huwa zinaumiza pia ukuta wa utumbo. Bakteria wa tumboni wanavuja, tishu zilizojeruhiwa zinatoa saitokini, yaani kemikali za kuita msaada, na seli T za mchangiaji zinafika mahali ambapo tayari kuna king'ora. Ndiyo maana mashambulizi ya mwanzo huonekana kwenye ngozi, utumbo na ini.

Kwake ulianza na upele viganjani na kwenye nyayo, ukapanda hadi masikioni, kisha kuhara. Niliyekuwa nikiitwa mwokozi wake, seli zangu ndizo zilizokuwa zikimchubua ngozi. Hakuna aliyenilaumu, naye mwenyewe alikuwa wa kwanza kunituliza. Nasema hivi kwa ajili ya wachangiaji wengine, maana huzuni ile ni nzito na mtu anaweza kuibeba peke yake kimyakimya. Seli za mchangiaji hazina chuki. Zinafanya kile kilekile zilichokuwa zikifanya mwilini mwangu miaka yote: zikikuta protini ngeni, zinaiondoa.

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini basi seli T zisichujwe zote kabla ya kumpa mgonjwa? Lilijaribiwa sana katika miaka ya 1980. Ugonjwa wa pandikizi ulipungua kweli. Lakini mapandikizi mengi zaidi yalishindwa kuota, maambukizi yakaongezeka, na lukemia ikarudi kwa wagonjwa wengi zaidi. Tayari mwaka 1979 madaktari wa Seattle walikuwa wameripoti kwamba wagonjwa waliopata ugonjwa wa pandikizi walirudiwa na lukemia mara chache kuliko wasioupata. Seli zinazochubua ngozi ndizo hizo zinazowinda mabaki ya saratani ambayo dawa hazikuyafikia. Kwa hiyo daktari hataki kimya kabisa. Anataka kinga iliyo macho, ila inayojua mipaka, na hapo ndipo ninapoona uloto unastahili kusifiwa zaidi ya ulivyosifiwa katika makala yenu.

Ndani ya uloto kuna seli shina za aina mbili. Za kwanza ndizo mlizozieleza, zinazozaa damu yote: chembe nyekundu, chembe sahani na chembe nyeupe. Za pili ni seli za mesenkima, ambazo Alexander Friedenstein na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti walizieleza kuanzia miaka ya 1960. Hizi huweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta, na ndizo zinazotengeneza makazi ambamo seli za damu huishi: huzishika mahali pake, huzilisha, huzipa ishara lini zigawanyike na lini zitulie. Jambo lililonigusa kuliko yote niliyojifunza katika safari hii ni kwamba baada ya upandikizaji seli hizi za makazi kwa kawaida hubaki za mgonjwa mwenyewe. Damu ya mdogo wangu sasa ina kromosomu XX, za kwangu, na vipimo vya maabara vinaonyesha hivyo kila vinaporudiwa. Lakini seli zinazoilea damu hiyo ndani ya mifupa yake ni zake. Wenyeji wanawalea wageni.

Katika makazi hayohayo huishi pia seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao wasivuke mpaka. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995; Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakagundua mwaka 2001 jeni la FOXP3 linalozitawala, na watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Uloto umejaa seli hizi. Mwaka 2011 watafiti waliopandikiza seli shina zisizolingana kwenye panya, bila dawa zozote za kupooza kinga, walizikuta zikiwa hai hata baada ya siku 30 kwa sababu seli T za udhibiti zilikuwa zimezizunguka kwenye uloto. Zilipoondolewa seli hizo za udhibiti, seli zilizopandikizwa zikatoweka. Kumbe uloto ni kiwanda cha damu, na pia ni mahali pa hifadhi ambapo kinga inafundishwa kuvumilia.

Tatizo ni kwamba seli za mesenkima ni haba mno. Kati ya seli 10,000 hadi 100,000 za uloto wa mtu mzima, unaweza kupata moja tu. Lakini zina tabia mbili za ajabu. Zikiwekwa kwenye chombo cha maabara zinashikamana na sakafu yake na kuongezeka hadi kufikia mamilioni. Na kwa kuwa alama zake za HLA ni hafifu, zinaweza kupewa mgonjwa yeyote bila kutafuta aliyelingana naye. Mwaka 2004 Katarina Le Blanc na wenzake wa Stockholm waliripoti habari za mtoto wa kiume wa miaka 9 aliyekuwa na ugonjwa wa pandikizi wa daraja la juu kabisa katika utumbo na ini, ambaye dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Walimpa seli za mesenkima zilizokuzwa kutoka uloto wa mama yake, akapata nafuu ya kushangaza. Mwaka 2008 wakaripoti wagonjwa 55 ambao steroidi, dawa za kwanza za kuipooza kinga, zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. 30 kati yao dalili ziliondoka kabisa.

Mdogo wangu alifikia hapohapo. Steroidi zilimtuliza ngozi, lakini tumbo likagoma. Akaingizwa katika utafiti wa seli za mesenkima zilizotoka kwa mtu tusiyemjua. Mifuko ilikuja ikiwa imegandishwa, ikayeyushwa, ikaingizwa kwa dripu taratibu huku muuguzi akisimama kando na kumwangalia. Chumba kilijaa harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu, inayotokana na kemikali ya kuzilinda seli zisipasuke kwa baridi. Pumzi yake iliendelea kunuka hivyo hadi siku iliyofuata. Kuhara kukapungua, akaanza kula. Siwezi kuapa kwamba ni zile seli peke yake, maana alikuwa ameongezewa na dawa nyingine, ruksolitinibu, kwa wakati huohuo. Napenda waandishi wenu nao wawe na uangalifu huo wanapoandika kwamba mtu fulani ameponywa na seli shina.

Nilipomuuliza daktari zile seli zinafanya nini, nilitarajia aseme zinaenda tumboni kuziba vidonda. Jibu lake lilinifanya nisome usiku kucha. Seli nyingi zilizoingizwa kwa mshipa hunaswa kwenye mapafu na hazidumu. Baada ya siku chache karibu zote zimekwisha. Kazi yake ni ya ishara. Zikikuta uvimbe na kuguswa na intaferoni gama, ambayo hutolewa na seli T zilizochokozwa, seli za mesenkima hubadilika na kuanza kutoa vitulizo. Huzalisha kimeng'enya kiitwacho IDO, ambacho huiharibu triptofani, kirutubisho cha kujengea protini, na seli T zikikosa triptofani haziwezi kuongezeka. Hutoa prostaglandini E2, inayozigeuza makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli, kutoka hali ya kuchochea uvimbe hadi hali ya kuupoza. Huongeza seli T za udhibiti. Pasipo uvimbe zinakaa tu, hazifanyi mengi.

Kuna jambo jingine hapo. Mwaka 2017 watafiti wa London walionyesha kwamba seli hizi hufa zikiuawa na seli za mgonjwa mwenyewe, kisha makrofaji humeza mabaki yake, na kitendo hicho cha kumeza ndicho kinachozifanya makrofaji zitoe vitulizo. Wagonjwa ambao seli zao za kinga ziliweza kuziua seli za mesenkima ndio waliopata nafuu. Nilipowafundisha wanafunzi wangu jambo hili, darasa lilinyamaza. Mmoja aliuliza kama tunaweza basi kuwapa wagonjwa seli zilizokwisha kufa. Ni swali ambalo maabara zinalifanyia kazi kweli.

Sasa naomba niseme bila kuficha, kwa sababu nguvu ya seli hizi inapigiwa chuku. Jaribio kubwa la wagonjwa wa ugonjwa wa pandikizi, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2009, halikufikia lengo lake kuu. Canada iliidhinisha tiba hii kwa watoto mwaka 2012, na Japani mwaka 2015 ikaidhinisha bidhaa inayofanana nayo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilisubiri hadi Desemba 2024 ndipo ikaidhinisha tiba ya kwanza ya seli za mesenkima nchini humo, kwa watoto wa kuanzia miezi 2 ambao ugonjwa wao mkali wa pandikizi umezishinda steroidi. Uamuzi huo ulitegemea jaribio la watoto 54, na katika siku ya 28 asilimia 70 walikuwa wamepata nafuu. Ni habari njema sana kwa watoto hao. Lakini ni ugonjwa mmoja, kwa umri uliotajwa, baada ya dawa ya kwanza kushindwa. Na mizani ikielemea mno upande wa kuipooza kinga, hasara ipo: jaribio moja dogo lililochapishwa mwaka 2008, lililowapa wagonjwa wa saratani ya damu seli za mesenkima pamoja na pandikizi lenyewe, lilikuta ugonjwa wa pandikizi umepungua ila saratani ikarudi mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana moyo unaniuma ninapoona matangazo ya watu wanaouza sindano za seli shina kwa kila kitu: kisukari, uzee, magoti, tawahudi. Wanachukua ukweli uliopatikana kwa jasho katika wodi za wagonjwa mahututi na kuugeuza biashara. Mtu akikuambia seli zake zinasawazisha kinga, muulize zimetoka kwa nani, zimepimwa maambukizi gani, zimeidhinishwa na nani, na kwa ugonjwa upi. Katika tiba ya kweli mgonjwa hupewa seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne, na kila mfuko una rekodi yake.

Zipo habari nyingine za mizani hii ambazo zingewafaa sana wasomaji. Saiklofosfamaidi ni dawa ya zamani ya saratani. Madaktari wa Johns Hopkins huko Baltimore walibuni namna ya kuitoa siku ya 3 na ya 4 baada ya upandikizaji. Seli T zilizokwisha kuchokozwa na zinazogawanyika kwa kasi hufa. Seli shina za damu zina kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo, kwa hiyo zinasalimika, na seli T za udhibiti nazo hustahimili. Katika utafiti wa wagonjwa 431 uliochapishwa mwaka 2023, baada ya mwaka mmoja asilimia 52.7 ya waliopewa dawa hiyo walikuwa hai bila ugonjwa mkali wa pandikizi, bila ule sugu unaohitaji dawa, na bila saratani kurudi. Kwa waliopata tiba ya kawaida ilikuwa asilimia 34.9. Njia hii pia imewafungulia mlango wagonjwa ambao ndugu yao amelingana nusu tu, na hao ni wengi. Na huko Boston, mwaka 2008, madaktari waliripoti wagonjwa 5 waliopewa figo na uloto kutoka kwa ndugu yuleyule: 4 kati yao waliweza kuacha kabisa dawa za kuzuia figo isikataliwe. Kwa yeyote anayemeza dawa hizo kila siku ya maisha yake kwa sababu ya figo, hiyo ni habari ya ukurasa wa mbele.

Tuje nyumbani kwa mgonjwa, baada ya kuruhusiwa. Chembe nyeupe za mwanzo hurudi ndani ya wiki 2 hadi 4, na hapo ndipo picha za furaha hupigwa. Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, huchukua miezi 6 hadi mwaka. Seli T mpya lazima zipite kwenye tezi ya thaimasi, ambayo kwa mtu mzima imekwisha kusinyaa, na zinaweza kuchukua miaka 2 kujijenga. Chanjo za utotoni karibu zote hupotea. Mdogo wangu alianza upya kama mtoto mchanga, na chanjo hai kama ya surua haitolewi kabla ya miezi 24, tena kama hatumii dawa za kupooza kinga na hana ugonjwa wa pandikizi. Kwa hiyo sisi tunaomzunguka ndio tuliotakiwa kuhakikisha chanjo zetu zimekamilika. Macho kuwasha, mdomo kukauka, ngozi kukaza, kuishiwa pumzi wakati wa kupanda ngazi: haya si uchovu wa kawaida, ni dalili za kumrudisha kliniki haraka, hata mwaka ukiwa umepita. Nasisitiza hili la pumzi hasa, kwa sababu mapafu yakishaharibika na ugonjwa sugu wa pandikizi hayarudi yalivyokuwa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mwandishi wenu atakapoandika tena kwamba upandikizaji umefanikiwa, amuulize daktari wangapi walikuwa hai baada ya mwaka mmoja bila ugonjwa mkali wa pandikizi na bila saratani kurudi. Amuulize pia mchangiaji alichaguliwaje, na kama ulichukuliwa uloto au damu. Na asiishie kwa daktari. Aongee na mgonjwa wa mwaka wa pili na wa tatu. Mdogo wangu yuko tayari kuhojiwa, nami nimemwahidi kumfikishia ujumbe. Bado anatumia matone ya macho kila siku, amerudi kazini, na ana mengi ya kuwaambia wanaosubiri zamu yao.

Wako,
Mwalimu wa biolojia na mchangiaji wa uloto